Kilio au Ugonjwa

Siku ya kuanua matanga Nakiete aliamka na koo linalokwaruza kama limemwagiwa mchanga. Siku nne za kumlilia mkwewe Zefania zilikuwa zimeimaliza sauti yake, na hakuwa peke yake. Katika nyumba zote kumi alizokuwa balozi wake, kuanzia kwa Mama Heriel pale kona mpaka kwake mwenyewe, hakuna aliyebaki na sauti ya kueleweka. Wanawake wa Ngomezi hawajui kulia kwa adabu. Wakifiwa wanalia mpaka mlima wa pili wasikie, na asiyelia anaulizwa ana kinyongo gani na marehemu.

Juu ya mlango wa sebule kisanduku cheupe kililia ti, ti, ti. Watu walikiita Sikio. Kila nyumba ilikuwa na lake, na kila asubuhi, kabla hujagusa chai, ulisimama chini yake ukaliamkia. Wazee na heshima zao, wenye wajukuu na vitukuu, wote walikuwa wakikipa shikamoo kisanduku. Jambo la kuchekesha kweli, ila hakuna aliyekuwa akicheka.

"Shikamoooo," Nakiete alisema, akiivuta ile sauti ya mwisho kama inavyotakiwa.

"Marahaba," likajibu Sikio kwa upole wake wa kuudhi. "Sauti yako ina kasoro. Alama ya msiba bado ipo. Uwe na siku njema."

Ile sauti ya kuvuta ndiyo Sikio liliyokuwa likiitaka. Ugonjwa wenyewe uliitwa mpasuko. Uliingia kooni kwa pumzi ya mtu wa karibu, ukavimbisha upande mmoja wa kisanduku cha sauti na kuuacha mwingine, hata mgonjwa akitamka neno unasikia kama wamesema wawili, mmoja juu na mmoja chini. Homa hakuna, kikohozi hakuna. Mgonjwa anakula, anacheka, anabishana mambo ya mpira. Siku ya tisa koo linajifunga.

Mwaka wa kwanza mashine haikujua kutofautisha koo lililopasuka na koo lililolia. Kijiji kimoja huko juu walibebwa wanawake thelathini kutoka msibani, wazima wa afya, wakachanganywa na wagonjwa wa kweli kwenye kambi ya Bondeni. Walirudi sita. Watu waliyaponda Masikio kwa mawe mpaka serikali ikanywea na kutunga sheria mpya: mashine isikie, lakini balozi wa nyumba kumi ndiye aamue. Sikio linapokuta sauti mbovu linamuuliza balozi, na kwenye kibao chake cha mkononi vinatokea vitufe viwili. Kilio. Ugonjwa. Penye msiba balozi anaruhusiwa kubonyeza Kilio mara moja kwa nyumba zote kumi, na Masikio yanawaacha watu walie kwa siku saba.

Nakiete alikuwa amekibonyeza siku ile ile maiti ilipoletwa. Zefania alianguka kutoka juu ya mnara wa pangaboi la kufua umeme wa upepo, mtu mzima wa miaka thelathini na moja, mume wa bintiye wa pekee. Unawezaje kumwambia mtu alie taratibu?

* * *

Uani palikuwa pamechangamka kidogo, kama inavyokuwa siku ya mwisho. Watu arobaini na kitu. Wanaume walikuwa wakikunja turubai, wanawake wakisugua masufuria, na nje ya lango la mtaa magari matatu ya kukodi yalikuwa yakiwasubiri wageni waondoke saa nane. Wengine walikuwa wakirudi Moshi, wengine Tanga, wengine mbali kabisa huko Dodoma.

Na mtoto alikuwa akizunguka. Kwao mtoto mchanga wa marehemu hawekwi chini. Tangu maiti iingie mpaka matanga yaanuliwe anapakatwa, na kila anayekuja kutoa pole anamsogeza usoni kabisa na kumnong'oneza jina la baba yake mdomoni, ili asije akalisahau. Mbonea, miezi minne, mashavu tele, alikuwa ameshanong'onezwa na kila mtu aliyefika pale.

"Zefania," Mama Heriel alikuwa akimwambia, pua kwa pua. "Baba yako Zefania, unasikia wewe?"

"Haya, nipe mume wangu," Nakiete alisema. "Umemshika tangu asubuhi, unataka kunipora?"

Wanawake wakacheka. Mama Heriel akamkabidhi, na Mbonea, kwa kuchukizwa kuondolewa kwenye kifua laini, akafungua kinywa akalia.

Nakiete alisimama palepale.

Alikuwa ameshausikia mlio ule mara tatu katika miaka minne ya ubalozi, na mara zote tatu ulitoka kwa mtu mzima. Kilio cha Mbonea kilikuwa viwili. Kimoja kilipanda, chembamba, cha mtoto yeyote yule. Kingine kilikuwa chini yake, kizito, kikitambaa.  Alitazama nyuso za wenzake kuona nani mwingine amesikia, lakini masufuria yalikuwa yakigongana, na watu waliolia siku nne hawasikilizi tena kilio cha mtoto.

"Ana njaa huyu," alisema, na akashangaa jinsi sauti yake ilivyotoka ya kawaida. "Nampeleka kwa mama yake."

Mungu wangu, alikuwa akijisemea moyoni kila hatua. Mungu wangu, si huyu.

Tumsifu alikuwa amekaa kwenye godoro sakafuni, khanga imemfunika hadi kichwani. Alimtazama mama yake, akamtazama mtoto, akanyoosha mikono haraka mno.

"Funga mlango, Mama."

Hapo Nakiete akajua. "Tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Tumsifu, usinifanye mtoto. Tangu lini?"

Binti alimweka Mbonea kwenye titi, na kile kilio cha watu wawili kikakatika. "Jana mchana," alisema. "Nilidhani ni mafua. Nikajiambia ni mafua."

"Na ukamwacha azunguke? Watu wakamnong'oneze mdomoni?"

"Ningewaambiaje? Nikimzuia wataniuliza kwa nini! Mama, wataniuliza kwa nini, na nitasema nini?" Chozi halikumtoka, alishakauka. "Sikio halimjui. Wasiosema hawaandikwi. Hakuna mashine iliyomsikia. Umemsikia wewe peke yako."

Ni kweli. Waliotunga sheria walisahau watoto wachanga, au waliona aibu kuwaandika. Mtoto asiyejua kuamkia hakuwepo kabisa kwenye hesabu ya Masikio.

"Hebu vuta sauti," Nakiete alimwamuru. "Shikamoo. Ivute."

Tumsifu akaivuta. Sauti ilitoka imechubuka vibaya, lakini moja. Nakiete akamfanya arudie, kisha akamwekea kiganja shingoni kama walivyofundishwa kwenye semina, akasikia mtetemo pande zote mbili, sawasawa. Kilio tu. Binti yake alikuwa mzima, angalau kwa leo.

"Mama, nakuomba," Tumsifu alisema. "Saa nane wanaondoka. Wakiondoka nitajifungia humu ndani na mwanangu, sitatoka, sitaonana na mtu hata mwezi mzima. Nimpoteze nikiwa nimemshika. Kule Bondeni hawapokei mzazi mzima, unajua. Wanamchukua peke yake wanampeleka kwenye vile visanduku vya kioo."

"Kule kuna mashine za kupumulia. Humu ndani kuna nini?"

"Nitajie mtoto mmoja." Tumsifu alimkazia macho. "Mmoja tu wa kunyonya, katika wilaya nzima, aliyepelekwa peke yake akarudi. Nitajie jina, nikupe huyu sasa hivi, umpeleke mwenyewe."

 Nakiete alimfikiria mtoto wa fundi cherehani, na yule wa kule mnadani, na watoto pacha wa Naetwe. Walikataa chupa wote. Wahudumu walivaa mavazi ya plastiki mpaka machoni, na mtoto hanyonyi kwa mtu asiye na harufu. 

Kupitia dirishani walimsikia Mzee Mtango, baba mkubwa wa marehemu, akiwahimiza vijana wapakie mizigo mapema. Mzee huyo alikuwa akirudi kwenye nyumba yenye watu kumi na saba. Mama Heriel alikuwa na bintiye mjamzito. Kila mtu kule nje alikuwa na nyumba, na kila nyumba ilikuwa na vinywa, na kwa siku tano za mwanzo hakuna hata mmoja ambaye angekuwa na dalili ya kumtisha mwenzake. Nakiete alianza kuhesabu. Alipofika mia mbili akaacha.

"Wamembeba wote, Tumsifu."

"Najua."

"Mimi ndiye niliyeyaziba yale Masikio. Kama nisingeweka alama ya msiba..."

"Yasingemsikia vilevile!" binti alinong'ona kwa hasira. "Usijitafutie kosa ili uninyang'anye mwanangu. Kama unataka kumtoa, mtoe ukiwa unajua unachofanya."

Maneno hayo yalimchoma kwa sababu yalikuwa kweli. Alikuwa akitafuta mlango wa kutokea ambao mwenye kosa ni yeye na mwenye kuumia ni yeye. Mlango huo haukuwepo. Alimtazama mjukuu wake akinyonya, kidole kidogo kimeshika khanga ya mama yake, na akatamani kwa roho yake yote awe kiziwi.

Kisha akatoa kibao mfukoni, akaandikia Bondeni jina la mtoto, na kwa kibao hichohicho akafunga lango la mtaa.

* * *

Lango la chuma lilijisukuma na kugonga. Mlio wake unajulikana. Uani pakawa kimya, sufuria moja tu ikiendelea kuyumba pale ilipoangushwa.

"Balozi," Mzee Mtango aliita. "Lango limeharibika?"

"Halijaharibika, Baba." Nakiete alisimama kwenye ngazi ya mlango.  "Mtoto ana mpasuko. Nimemsikia mwenyewe. Kuanzia sasa hakuna anayetoka, siku ishirini na moja."

 Mama Heriel aliinua mkono taratibu akajifuta mdomo, akajifuta tena, kisha akaanza kujisugua kwa pindo la khanga mpaka midomo ikawa myekundu. Wengine wakafanya hivyohivyo. Ndipo mwanamume mmoja wa Dodoma, binamu wa marehemu, akatupa begi lake chini.

"Sasa unatufungia na ugonjwa? Tutoke tukajitenge kwetu! Mimi si mtoto wa shule wa kufungiwa."

"Kwenu kuna nani?"

"Kuna wanangu."

"Basi ndiyo maana," alisema Nakiete.

"Una haki gani lakini?" Mzee Mtango alikuja karibu akimnyooshea kidole. Mtu mzima aliyemzika mtoto wa mdogo wake juzi. "Tumekuja kukuzikia mkweo. Tumelia na wewe. Na wewe unatugeuza mateka? Tungekuwa tumesharuka ukuta saa hizi kama si heshima ya marehemu!"

"Rukeni, Baba. Siwezi kuwashika." Sauti ilikuwa ikimwishia. "Lakini kila mtu humu amepumuliwa na yule mtoto. Ukiruka, unajua unachobeba. Mimi nimeshawaambia, siwezi tena kuwaficha."

Binamu wa Dodoma alitembea mpaka ukutani. Aliweka mikono juu ya matofali. Watu walimtazama mgongo. Halafu mabega yakaanguka, akageuka, akachuchumaa palepale na kufunika uso.

Baada ya hapo walikaa mbalimbali, kila mtu na kipande chake cha uwanja. Watu waliokuwa wakila sinia moja asubuhi walikuwa wakipimana kwa macho. Mtoto mmoja alikohoa na mama yake akamziba mdomo.

* * *

Gari la Bondeni lilifika saa tisa. Alishuka mhudumu mmoja, mwanamke kwa sauti, mengine yote plastiki nyeupe. Alikuwa amebeba kisanduku cha kioo chenye mpini, kidogo, na alipokiona Tumsifu alitoa mlio ambao Nakiete hakuwahi kuusikia hata siku ya maiti.

"Nina jina moja," mhudumu alisema. "Mtoto, miezi minne. Pole, mama. Mlete."

"Tunakwenda wote."

"Mzima hapandi, dada yangu. Ukikanyaga kule unaambukizwa kabla jua halijazama. Sheria inakulinda wewe."

"Nani amewaomba mnilinde?" Tumsifu aliuliza. Hakupaza sauti. Alimgeukia mama yake. "Mama, ondoa ile alama ya msiba. Kwangu mimi tu."

Nakiete alielewa kabla hajamaliza. "Hapana."

"Umewaambia hawa wazima kwamba watabaki kwa ajili ya wengine. Sawa. Mimi sitaruka ukuta, sitamwambukiza mtu yeyote. Nataka kwenda penye ugonjwa kwa miguu yangu. Hiyo inamdhuru nani?"

"Inakudhuru wewe! Nimemzika mkwe juzi, Tumsifu. Nikuzike na wewe?"

"Na mimi nimzike huyu bila kumwona?"

 Nakiete alikuwa balozi, alikuwa na majibu ya semina nzima, na hakuna hata moja lililomfaa. Alichokuwa nacho ni woga tu. Akatafuta jina la bintiye kwenye kibao, akaondoa alama.

Tumsifu alisimama chini ya Sikio, mtoto kifuani. "Shikamoooo."

"Marahaba," likasema. "Sauti yako ina kasoro. Balozi athibitishe."

Vitufe viwili vikatokea. Kilio. Ugonjwa. Nakiete alijua kabisa ukweli ni upi. Kiganja chake kilikuwa bado kinakumbuka ile shingo. Mbele ya watu wote aliowafungia kwa jina la ukweli, akabonyeza Ugonjwa.

"Mgonjwa ni damu ya balozi," Sikio likasema. "Shahidi wa pili atamke."

Alikuwa ameisahau ile kanuni. Iliwekwa kuwazuia mabalozi kuwaficha watoto wao. Hakuna aliyefikiri balozi angemtoa wa kwake akiwa mzima. Aligeuka kuwatazama wale watu. Walikuwa wamesikia kila neno. Wangeweza kusema kweli, na walikuwa na kila sababu. Mama Heriel aliinamisha kichwa. Binamu wa Dodoma alikuwa akitazama ardhi.

Mzee Mtango ndiye aliyeinuka. Alikuja mpaka mlangoni akiburuza kiatu, akapita karibu na Nakiete bila kumwangalia.

"Ni mgonjwa," aliliambia Sikio. "Nimemsikia kwa masikio yangu. Sauti mbili."

"Jina la shahidi?"

"Mtango. Baba mkubwa wa marehemu."

"Asante. Poleni na mgonjwa."

Mhudumu alisimama na kile kioo mkononi. Alimtazama Tumsifu, akamtazama mzee, na nyuma ya plastiki macho yake yalionekana kama ya mtu aliyechoka kuliko wote. Alijua. Akakirudisha kisanduku garini kikiwa kitupu, akafungua mlango wa nyuma. "Mpakate vizuri," alisema. "Barabara ni mbaya."

Nakiete hakuruhusiwa kumkumbatia. Walitazamana kwa umbali wa hatua sita, na Tumsifu akasema, "Asante, Mama," na hilo ndilo lililomvunja. Alikaa chini kwenye ngazi akalia kwa koo lisilo na sauti, na gari likaondoka, na lango likagonga nyuma yake.

Jua lilikuwa bado kali. Hakuna aliyesogea kumbembeleza, na hakuwalaumu. Mzee Mtango alikuwa bado amesimama chini ya Sikio, mkono ukutani. Akakohoa kidogo kusafisha koo, na watu wote pale uani wakageuka kumtazama.

"Vumbi tu," alisema.

 Walikuwa wakisikiliza kama ni sauti moja au mbili.